Andika maisha ya mwanamuziki wa mtaani kwenu, ukianza na kaseti zake

Karibu kila mtaa wa Arusha una mtu aliyewahi kupiga gitaa bendini, kuimba kwenye kwaya iliyorekodiwa, au kuchana kwenye kaseti za mwanzo za hip hop ya Chuga, yaani Arusha, na leo anauza duka, analinda geti au amekaa tu barazani. Majirani wanamwita kwa jina la utani, wajukuu hawajui jina hilo lilitoka wapi. Mimi ni fundi wa redio na deki, kibanda changu kiko Ngarenaro, na kaseti za watu hawa zinapita mikononi mwangu. Kijana analeta mkanda uliokwama, ananiambia, "Fundi, hii ni sauti ya baba, itoe." Kuitoa naweza. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi hakuna aliyemuuliza baba alipiga na nani, alilipwaje, na ule wimbo aliutoa wapi. Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyoifanya kazi hiyo, ili wewe mwenye simu na muda uifanye kwa mtu wa kwenu angali hai.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: fuata kazi, usifuate sifa. Ukimuuliza mzee alikuwa maarufu kiasi gani, ataona haya au atajisifu, na hutapata kitu. Muulize gitaa lilikuwa la nani, ataongea mpaka chai ipoe. Bendi nyingi za zamani hazikumiliki vyombo vyao. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, na polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Kwingine vyombo vilikuwa vya mwenye baa. Mwenye vyombo ndiye aliyeamua bendi ipige wapi, ivae nini, na nani afungashe virago. Ukishajua vyombo vilikuwa vya nani, nusu ya maisha ya mwanamuziki imeshafunguka.

Na usidhani kwamba historia kubwa iko Dar peke yake. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walitoka Tanga wakaja hapa Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa wameshavuka kwenda Mombasa, na huko ndiko Simba Wanyika ilikozaliwa. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitoa wakaunda Les Wanyika, na magitaa yale yakapendwa Afrika Mashariki nzima. Sasa hesabu: kijana wa miaka 20 aliyecheza dansi la Arusha Jazz mwaka 1970 ana zaidi ya miaka 70 leo. Akiondoka, ameondoka na ukumbi, na kiingilio, na majina ya waliobaki hapa wakati wenzao wanapanda basi kwenda pwani.

Kabla ya kumwendea

Tengeneza kwanza ukurasa mmoja wa matukio kwenye daftari. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo. Mimi wa kwangu una Azimio la Arusha, Februari 1967. Una kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na mpaka na Kenya uliofungwa mpaka 1983. Una vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984. Kuanza kwa redio na runinga binafsi huku bara, 1994. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999. Na Agosti 2000, Rais Clinton wa Marekani alipokuja Arusha kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi na barabara zikafungwa. Wewe ongeza ya mtaani kwenu: lini umeme ulifika, lini lami, lini ile baa ya kona iligeuzwa kuwa kanisa.

Bibi mmoja aliyeimba kwaya aliniambia walirekodi kaseti yao ya kwanza "zamani sana, hata sijui." Nilimuuliza kama Sokoine alikuwa hai. Akajibu papo hapo kwamba wimbo wa maombolezo ya Sokoine ulikuwa kwenye kaseti ya pili, na ile ya kwanza waliiuza Krismasi iliyotangulia. Basi ni Desemba 1983, bila yeye kutaja mwaka wowote.

Namanga, mpakani na Kenya, nayo ni kipimo kizuri sana kwa watu wa Arusha na Moshi. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi, kwa hiyo mtu akikwambia alikwenda kurekodi huko, muulize mpaka ulikuwa wazi au umefungwa, na kama umefungwa alipitia wapi. Usimuulize kwa kumshuku. Waliopita kwa njia za panya wana habari tamu kuliko waliopita mpakani, na wanapenda kuzisimulia wakiona husikilizi kama askari.

Siku ya kwanza usiende na kamera. Nenda na kilo ya sukari na majani, salimia shikamoo kwa utulivu, kaa pale utakapokaribishwa. Kama ana mke, msalimie kwa nafasi yake na umweleze naye ulichokuja kutaka. Katika nyumba nyingi, mama ndiye anayejua sanduku la picha lilipo, na ndiye aliyezifunga kaseti kwenye kanga wakati wa kuhama.

Kaseti kwanza, maneno baadaye

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mali inapopotea. Usiichukue kaseti ya zamani ukaitumbukiza kwenye redio yoyote iliyo karibu. Mkanda ukitafunwa, sehemu iliyojikunja haitanyooka tena vizuri, na huenda ni kaseti pekee iliyobaki.

Iangalie kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye mkanda, hiyo ni ukungu: iweke peke yake kwenye mfuko wa karatasi, isikae na nyingine, na usiipige mpaka isafishwe na mtu anayejua. Kama iko safi, geuza upande wa mgongo wenye vijino viwili vya plastiki na uvivunje, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha tazama katikati ya mdomo wa kaseti. Panatakiwa kuwa na kisponji kidogo juu ya kijibati cha shaba. Gundi yake hukauka na kisponji hudondoka, na hapo sauti inakuwa kama inatoka chumba cha pili. Wengi hudhani mkanda umekufa, kumbe ni kisponji. Dawa yake ni kununua kaseti nyingine yenye skrubu, kuifungua, na kuhamishia mkanda ndani yake, pole pole, bila kuushika kwa vidole vyenye mafuta. Kama kaseti ya zamani imegundishwa na haina skrubu, mpelekee fundi. Ukilazimisha kwa kisu utakata mkanda.

Ingiza kalamu ya Bic kwenye tundu, zungusha mizunguko michache usikie kama inakwenda laini. Baada ya hapo ipeleke mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kuicheza, kwa sababu mkanda uliolala miaka mingi hushikana. Kaseti za dakika 60 ni imara. Za 90 zinahitaji uangalifu. Za 120 mkanda wake ni mwembamba mno, usizirudisherudishe hovyo.

Deki yenyewe isafishe. Pamba, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa hedi, kile kinachosoma mkanda, mpaka pamba itoke nyeupe, kisha kile kichuma chembamba kinachovuta mkanda. Rola la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, maana spiriti huukausha mpira. Halafu sikiliza spidi. Kaseti inatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira wa ndani unaozungusha deki ukilegea, mkanda unachelewa na sauti inakuwa nzito na kuyumba. Nimeletewa rekodi ambayo familia nzima iliamini baba yao aliimba besi. Nilipobadilisha mpira, mzee akawa tena na sauti yake ya juu, na binti yake akalia pale pale kibandani. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote, cheza kaseti unayoijua vizuri, ulinganishe.

Jambo la mwisho kwenye deki ni skrubu ndogo iliyo pembeni ya hedi. Hedi ikikaa upande, sauti za juu zinazimika, hasa sahani za ngoma na herufi "s" kwenye maneno. Chukua bisibisi ndogo, igeuze kidogo sana huku ukisikiliza, mpaka sahani zilie kwa ukali wake. Weka alama mahali ilipokuwa kabla hujaigusa.

Toa sauti kwa waya kutoka tundu la deki la kutolea sauti kwenda kwenye kompyuta. Usiweke simu mbele ya spika. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, 48,000 Hz, biti 24. Kaseti ya dakika 90 itakula kama GB 1.5, na si kubwa kwa thamani ya kilichomo. Nakala hii ya kwanza usiisafishe kwa programu, uvumaji wake uache. Ukitaka kusafisha, safisha nakala ya pili.

Na usikate maongezi! Naona vijana wanakata kikohozi, salamu, mtu anayejaribu kipaza sauti, ili wabaki na wimbo mtupu. Hayo maongezi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha rekodi. Kama ilirekodiwa kutoka redioni, mtangazaji anaweza kutaja siku, au kipande cha taarifa ya habari kikabaki mwishoni mwa upande B. Kama ni dansi la ukumbini, utasikia watu wakiitwa kwa majina, na majina hayo ndiyo utakayokwenda kuyatafuta.

Jalada lisome herufi kwa herufi, pamoja na alichoandika mtu kwa kalamu. Kwenye santuri, angalia jina lililo ndani ya mabano chini ya jina la wimbo: mara nyingi ndiye mtunzi. Na karibu na karatasi ya katikati, kwenye ule weusi usio na muziki, kuna namba imechorwa. Ielekeze kwenye mwanga uinakili. Namba hiyo huweza kukuonyesha rekodi ipi ilitangulia ipi, hata pale karatasi ilipochanika.

Mazungumzo

Sasa unarudi kwa mzee ukiwa na sauti yake mwenyewe mkononi. Mchezee. Usiulize kitu, mpe nafasi. Wimbo ukiisha, uliza la kwanza: besi hiyo anapiga nani? Kisha ngoma, kisha waitikiaji. Mtu akisikia vidole vya mwenzake anamtaja kwa jina, na kumbukumbu zinafuatana zenyewe. Njia hii imenipa majina ya wapiga tumba na waitikiaji ambao hakuna jalada liliwahi kuwaandika.

Swali la mtunzi liulize kwa kila wimbo, peke yake: maneno ya nani, tuni ya nani, nani aliuleta bendini. Wimbo wa "Malaika" umezunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba na baadaye Boney M., na mpaka leo watu wanabishana. Fadhili William wa Kenya ndiye anayetajwa zaidi kuwa mtunzi, na Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba aliutunga yeye miaka ya 1940. Ugomvi wa namna hiyo hauamuliki kirahisi baada ya wote kuzikwa. Ukimuuliza leo mzee wa mtaani kwenu, mbele ya mwenzake mmoja aliyekuwepo, umemwokolea jasho lake.

Uliza fedha bila aibu. Mshahara wa mwezi au mgawo wa mlangoni? Pesa za kutuzwa jukwaani zilikuwa za aliyetuzwa au ziliwekwa kapuni? Nani alilipa kushona sare? Kaseti iliuzwa na nani na yeye alipata nini, kitita cha mara moja au kidogo kidogo? Kwa wasanii wa hapa wa sasa, uliza hoteli za watalii: wengi wameishi kwa kuimba kwenye chakula cha jioni cha wageni kuliko kwa kuuza nyimbo, na kazi hiyo nayo ina ustadi wake ambao hauandikwi. Uliza kwa nini aliacha. Hilo liulize mwisho, na akikaa kimya, nyamaza naye.

Kila jambo kubwa litafutie mtu wa pili. Mwimbaji atakupa kisa kimoja, mpiga ngoma atakupa kingine, na mhudumu wa ukumbi atakupa cha tatu. Wakipingana, usiwapatanishe kwenye maandishi. Andika fulani anasema hivi, fulani anasema vile. Watafute wanawake waliokuwa wakija dansini pia, maana wao waliona jukwaa kwa mbele, na wanakumbuka mavazi, mitindo ya kucheza na ni wimbo gani uliwatoa watu vitini.

Yatakuja mambo mazito: pombe, magonjwa, mtoto aliyekataliwa, mwenzao aliyefungwa. Akikwambia zima, zima mara moja na umwonyeshe kwamba umezima. La mtu mwingine aliye hai usiliandike kwa kinywa cha jirani yake.

Kuona alichobadilisha

Watu wanapenda kuandika kwamba msanii fulani "aliathiri jamii" wakaishia hapo. Mimi nataka nione kwa nani, na kwa namna gani. Nitachukua mfano wa mtaani kwangu. Nako 2 Nako, kundi la kina Lord Eyez na G Nako, lilibeba jina la Ngarenaro ndani ya jina lake. Joh Makini na nduguye Nikki wa Pili walitoka upande wa River Camp, na pande hizo mbili zikaja kukutana kwenye kundi la Weusi. Kundi la X Plastaz, nalo la hapa Arusha, lilimweka Merege, mwimbaji wa Kimaasai, bega kwa bega na wachanaji, na albamu yao ya "Maasai Hip Hop" ilitolewa na kampuni ya Ujerumani mwaka 2004. Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021.

Hayo ni ya kuandikwa, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili iko kwa watu wengine. Nenda kwa kinyozi umuulize vijana walikuwa wanaomba mtindo wa nani. Nenda kwa fundi cherehani, kwa kondakta wa kifodi, daladala zetu ndogo, aliyeandika maneno ya wimbo kwenye kioo cha nyuma, kwa mwalimu aliyewasikia wanafunzi wakibadilisha namna ya kusalimiana. Muulize mchanaji wa miaka 18 wa leo alijifunza kwa nani kwamba lafudhi ya Arusha inafaa kwenye kipaza sauti. Kwa masikio yangu, hicho ndicho kikubwa walichotuachia: kijana wa Ngarenaro au Kijenge hakuhitaji tena kuiga sauti ya mtu wa mjini kwingine ili asikilizwe. Ila hilo ni langu. Wewe lete ushahidi wa kwenu, mtu kwa mtu, kwa majina ya kazi zao.

Na kwa mwanamuziki ambaye hakuvuka mkoa, pima kwa kipimo hicho hicho. Mwalimu wa kwaya aliyefundisha watoto kusoma sol-fa, yaani do-re-mi, na mmoja wa watoto hao sasa ana studio, ameathiri muziki wa Arusha. Liandike.

Kuandika na kutunza

Usianze na "alizaliwa mwaka fulani katika familia ya watoto saba." Anza na kazi moja inayosikika, wimbo au usiku mmoja jukwaani, eleza ulivyofanyika, kisha rudi nyuma na uende mbele. Mwonyeshe mzee kabla ya kuweka hadharani. Msomee kwa sauti kama macho hayaoni vizuri.

Sauti ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo kuwa na kaseti mkononi hakukupi ruhusa ya kupandisha nyimbo mtandaoni. Pata kibali cha maandishi kutoka kwake au kwa warithi, na kama rekodi ilifanywa na redio, kumbuka redio nayo ina haki. Kutunza nakala ya familia na kuandika habari zake ni jambo moja. Kuuza au kusambaza ni jingine.

Weka nakala sehemu tatu zisizo chini ya paa moja: kwa familia, kwako, na kwenye maktaba au chuo kitakachokubali. Kaseti yenyewe irudishe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo uliyoahidi, ikiwa imesimama wima kwenye boksi lake, mbali na spika na jua. Faili liite kwa mwaka, jina la bendi au kwaya, upande A au B, na jina la aliyekupa. Kando yake weka karatasi fupi inayosema ulitumia deki gani, nani alikuwepo mlipoisikiliza, na maswali gani bado hayajajibiwa na nani anaweza kuyajibu, pamoja na mtaa anaoishi.